Viatu Vilivyonyooshwa

"Tulia, Bosi. Ukirusha mguu mmoja, na mwenzake unakuja."

Bosi hakutulia. Alirusha, na chuma kikampitia mama yake karibu na kidevu. Viatu vyake vya kulalia vilikuwa vya ngozi nyeupe, wazi mbele, vimefungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za chuma kimoja kirefu kama mwiko. Akipiga teke la kulia, la kushoto linafuata lipende lisipende. Chuma hicho kilishavunja kikombe, kilishatoboa chandarua, na wiki iliyopita kilimwamsha baba mtu kwa pigo la mbavuni.

Jina la Bosi lilitokana na viatu hivyo hivyo. Tangu azaliwe hakuwahi kujivalisha wala kujivua. Jioni watu wazima wawili wanampigia magoti, asubuhi wanampigia tena. Bibi yake ndiye aliyeanza. "Huyu si mtoto," alisema, "huyu ni bosi." Jina likashika, na mama naye akawa Mama Bosi, hata huko kiwandani anakoshona kola za sare, ambako kusema kweli hakuna aliyemwogopa.

Alifungua mikanda, akachomoa mguu wa kulia, akachomoa wa kushoto. Huo wa kushoto akauweka kiganjani akautazama. Unyayo ulikuwa umegeukia ndani, kisigino kimepanda. Aliusukuma kwa dole gumba kuelekea nje, ukaenda. Alipouachia ukarudi. Akausukuma tena, ukarudi tena.

Mungu wangu, alisema moyoni, si ulikuwa umenyooka wewe?

Na kweli ulikuwa umenyooka. Bosi alizaliwa mguu huo umejikunja kama ngumi. Wakamfunga plasta, wakaikata, wakamfunga nyingine, kila wiki kliniki, kitoto kichanga kina mguu mzito kuliko mwili. Wakamkata kidogo nyuma ya kisigino. Mwisho wakampa viatu na chuma, na mguu ukatulia. Akatembea. Akakimbia, akaiba sukari, akakimbia nayo. Halafu miezi hii ya karibuni, polepole kama maji yanayopanda ukutani, mguu ukaanza kurudi ulikotoka, na mama mtu haelewi kwa nini. Kumvalisha anamvalisha. Hata usiku wa homa alimvalisha, mtoto analia na yeye analia.

"Leo ndiyo kliniki?" aliuliza mumewe kutoka mlangoni.

"Leo."

Mumewe alikuwa fundi viatu, na kila asubuhi kabla ya kubeba sanduku lake la kazi alikuwa na kawaida moja. Aliokota vile viatu vya mtoto, akaviinua usawa wa uso, akafumba jicho moja.

"Safi kabisa," alisema. "Vimesimama sambamba. Pale kliniki wangekuwa na fundi kama mimi, wasingekuwa wanawapa watu vitu vimepinda."

Maana walipopewa vilikuwa vimepinda. Vyote viwili vinatazama nje kama miguu ya bata, tena cha kushoto kimemzidi mwenzake. Vile vya kwanza, alivyovaa akiwa mchanga, navyo vilikuwa hivyo, ila vile vilipigwa ribiti, havigeuki, na kwa kuwa vilishapita kwa watoto wengine walisema labda ni uchakavu. Hivi vikubwa vilikuja na nati. Fundi alivitazama jioni ile mpaka chakula kikapoa. "Kiatu kinachotazama pembeni hakitoki kwenye benchi langu kwenda kwa mtu baki," alisema, "sembuse kwa mwanangu." Akachukua spana, akalegeza, akavipanga vitazame mbele, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama Bosi alifurahi hadi akamkumbatia mbele ya mama mkwe. Siku iliyofuata ya kliniki akawatangazia na wenzake: jamani, mume wangu ni fundi, nendeni awanyooshee, hachukui kitu. Na walikwenda.

"Mimi nilisema," bibi aliingilia kutoka uani, alikokuwa anaosha vyombo. "Kukanyaga cherehani na tumbo limefika hapa, mguu wa mtoto utaachaje kujikunja?"

"Mama, yaishe basi," alisema fundi.

"Yameisha. Nasema tu."

Neno hilo Mama Bosi alishamuuliza daktari akaambiwa si kweli, akamuuliza mwingine akaambiwa mambo haya yana sababu nyingi, na huyo wa pili ndiye aliyemharibia usingizi. Alimbeba mtoto mgongoni, akaviacha viatu kitandani. Ndivyo kliniki ilivyotaka: watoto wanaovaa usiku tu waje mikono mitupu, kwa sababu vyuma vilikuwa vinagonga watu mabenchini na kimoja kilishapotea. Wachanga peke yao, wale wa kuvaa mchana kutwa, ndio waliokuja navyo miguuni.

Nauli ilikuwa imepanda tena wiki ile, kwa hiyo alikwenda kwa miguu yake, na Bosi akaimba njia nzima.

*

Kliniki ya miguu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya hospitali, mabenchi matatu, na mlango wa ndani ulioandikwa PLASTA kwa chaki. Ukutani palibandikwa tangazo: ATAKAYEHARIBU KIFAA HATAPEWA KINGINE. Fundi wa plasta alitoka hospitali nyingine, siku moja tu kwa wiki, na akifika huwa anafungua mlango ule kwa kimo cha kichwa chake tu, anaita "Mwingine!" na kuufunga. Yule wa zamani, mzee aliyekuwa anaongea na watoto, alihamishwa. Viatu sasa vilitolewa na mtu wa stoo kupitia dirishani.

Aliyebaki siku zote ni nesi. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye sauti ya kusomea watu matangazo. Aliushika mguu wa Bosi, akaupeleka huku, akaupeleka huku.

"Umerudi," alisema.

"Ndiyo, sista. Hata mimi nimeona, nikasema—"

"Humvalishi."

"Namvalisha, sista. Kila siku ya Mungu."

"Mguu hausemi uongo, mama. Mtoto akilia kidogo mnamwonea huruma, mnavua. Halafu mnakuja hapa mnaniambia kila siku ya Mungu."

"Naapa, sista, sijawahi kumvua."

"Usiape. Mguu umeshasema." Nesi alikuwa ameshaugeukia mguu wa mtoto mwingine. "Anaanza plasta upya, leo leo. Kalete vile viatu virudi stoo, na mchana utasimama. Aliyesimama ndiye anayeingia wa kwanza, hilo unalijua."

Alilijua. Kila mtu pale alilijua. Mtoto ambaye mguu wake umerudi, mzazi wake husimama mbele ya mabenchi kabla ya plasta kuanza, anasema, "Sikumvalisha mwanangu viatu, mguu umerudi. Msifanye kama mimi." Na mabenchi yanajibu, "Tumesikia." Ni nesi aliyeibuni desturi hiyo, na alisema inafundisha kuliko mabango. Asiyetaka kusimama hakufukuzwa. Aliambiwa tu asubiri, na akasubiri mpaka fundi wa plasta akaondoka zake. Mama Bosi mwenyewe alishawahi kujibu "Tumesikia" kwa sauti kubwa kabisa, huku akimwangalia yule mama aliyesimama na kujisemea, wazazi wengine bwana.

Akaketi kwanza apumue. Labda nilikuwa nafunga mkanda vibaya, aliwaza. Labda soksi. Nesi mmoja aliwahi kusema avae soksi nzito, mwingine akasema nyepesi. Labda ni kweli nilimvua nikiwa usingizini nisijue. Mtu akikwambia jambo kwa sauti ile unaweza kuanza kujitilia shaka mwenyewe.

Pembeni yake alikaa binti mmoja mwenye mtoto mchanga mapajani. Mtoto alikuwa na viatu vyake na chuma chake kidogo, na viatu vilikuwa vinatazama nje kabisa.

"Mdogo wangu," Mama Bosi alisema, maana hata katika shida yake huruma haikumwisha, "vyako vimepinda."

"Vimepinda?"

"Si unaona vinavyotazama nje? Hata mimi nilipewa hivyo. Mume wangu ni fundi, yuko chini ya ngazi pale duka la vioo, mpelekee avinyooshe. Hachukui kitu."

Binti aliviangalia viatu, akamwangalia na Mama Bosi. "Mbona anaendelea vizuri tu?" Akafungua mkanda amwonyeshe. Kilikuwa kimguu kizuri, kimelala bapa, kimetazama nje kidogo. "Hivyo vyenu mlivyonyoosha," binti aliuliza, bila ubaya wowote, anataka kujua tu, "vimemsaidia?"

Mama Bosi alikitazama tena kile kimguu.

Bosi alipovaa vilivyopinda, mguu ulinyooka. Alipovaa vilivyonyooka, mguu ukapinda. Mama alilirudia jambo hilo kichwani mbele na nyuma, likagoma kukaa. Haiwezekani. Kitu kilichopinda hakinyooshi kitu, hata mtoto mdogo anajua. Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kuhama, kutoka kichanga hadi kichanga, benchi la kwanza, la pili, la tatu, na kila penye chuma viatu vilitazama nje.

Alimfuata nesi. "Sista, samahani. Vile viatu, vinatakiwa vitazame wapi?"

"Mama," alisema nesi bila kugeuka, "umeambiwa ulete viatu. Hukuambiwa ulete maswali."

*

Njiani kurudi nyumbani alimpigia simu msimamizi wake wa kiwandani.

"Uliomba ruhusa ya asubuhi," alisema msimamizi. "Mchana hukuomba."

"Mtoto anafungwa plasta upya, mkuu."

"Pole. Ila kola hazina mtoto, Mama Bosi. Kesho ukija, nione kwanza kabla hujakaa." Simu ikakatika. Nione kwanza ilikuwa na maana zaidi ya moja, na hakupata nafasi ya kuchagua iliyo nafuu.

Alichukua viatu kitandani, bibi akiuliza kulikoni na asijibiwe, akaenda moja kwa moja hadi chini ya ngazi za duka la vioo. Mumewe alikuwa ameinamia kiatu cheusi cha mteja, mdomo umejaa misumari midogo. Mwenye kiatu alisimama kando kwa mguu mmoja, ameegemea ukuta.

"Umenyoosha vya watoto wangapi?"

Fundi alitema misumari kiganjani. "Salamu kwanza, mke wangu."

"Wangapi?"

"Wale uliowaleta wewe. Halafu yule mama mwenye miwani akamleta na shoga yake. Kwani vipi, kimelegea?"

Mama Bosi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi katikati, na Bosi akawa anamwaga misumari chini na kuipanga upya. Fundi alisikiliza na nyundo mkononi.

"Hebu ngoja," alisema. "Kiatu kilichopinda ndicho kikamnyooshe mtu? Huo si uchawi huo?"

"Sijui. Mimi sijui, Baba Bosi. Nakuuliza wewe fundi."

"Mimi ni fundi wa viatu, si wa miguu." Alilisema kwa ukali, na masikio yake mwenyewe yakalisikia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Walipokupa hivi, walikwambiaje?"

"'Mvalishe usiku. Mwingine.'"

"Basi?"

"Basi. Na dirisha likafungwa."

Fundi alikichukua kile chuma, akaviinua viatu usawa wa uso kama asubuhi, akafumba jicho. Vilikuwa vizuri. Hilo ndilo lililomuuma: vilikuwa vizuri, kazi safi, kiatu kinatazama mbele kama mtu mwenye akili zake. Alimwangalia mwanawe pale chini. Bosi alikuwa amechuchumaa, mguu wa kushoto umelala kwa ubavu, anakanyagia pembeni ya unyayo. Asubuhi hakuwa ameuona. Alikuwa ameangalia viatu.

"Mungu anisamehe," alisema. Kisha, haraka haraka, akavuta spana sandukuni. "Navirudisha. Sasa hivi. Unavipeleka vimetazama nje, unasema maneno yao, sikumvalisha, sijui nini, mtoto anafungwa, yanaisha. Nani atajua?"

"Na wale wengine?"

Spana ikabaki hewani.

"Wale niliowaleta mimi," alisema Mama Bosi. "Nao watasimama, mmoja mmoja. Watasema hawakuwavalisha watoto wao. Na sisi tutajibu tumesikia."

"Ukisema tumevigusa hawatakupa vingine. Tangazo lile liko pale ukutani, ulinisomea mwenyewe. Plasta itatolewa, halafu usiku atavaa nini? Mguu utarudi tena, safari hii kwa heri."

"Najua."

"Sasa?"

"Sijui! Nimekwambia sijui!" Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka. Mama Bosi alijifuta uso kwa pembe ya kanga. "Vigeuze basi. Vilikuwa vimefika wapi?"

Fundi alilegeza nati, akakisukuma kiatu cha kushoto nje kidogo. Akakisukuma tena. Akakirudisha. Alitafuta alama kwenye chuma, lakini siku ile alikuwa amekipiga msasa mpaka kikang'aa, na alama zikafutika. "Nakumbuka vilikuwa vimepinda tu," alisema. "Nani anapima upotofu?"

Akakirudisha mbele, akakaza. Kisha akaanza kufunga sanduku.

"Fundi," alisema yule mteja wa mguu mmoja, "na kiatu changu?"

"Rudi kesho, ndugu yangu."

"Nirudi na mguu gani?"

Fundi akamvulia kandambili zake mwenyewe, akavaa viatu vyovyote viwili ambavyo wenyewe hawajavifuata siku nyingi, na wakaondoka watatu. Yeye alimbeba mtoto. Mama Bosi alibeba chuma.

*

Mlinzi wa hospitali alitaka kujua kwa nini mtoto mmoja ana wasindikizaji wawili, na fundi akamwambia mmoja ni wa mguu wa kulia, mwingine wa kushoto. Wakapita. Chumba kirefu kilikuwa kimejaa, na mlango wa PLASTA umefungwa. Ndani mtoto wa mtu alikuwa analia. Kwenye benchi la pili Mama Bosi akamwona yule mama mwenye miwani, na mwanawe amelala begani. Begi lilikuwa miguuni pake na ncha ya chuma imetokeza, maana naye leo aliambiwa alete viatu abadilishiwe vikubwa. Aliinua mkono akamsalimia fundi kwa furaha. Fundi akaangalia sakafu.

"Haya," nesi alipiga makofi, "tunyamaze. Leo tuna mwenzetu wa kusimama. Tumsikilize, tujifunze."

Mama Bosi alikwenda mbele, chuma mkononi. Alikuwa amesimama mahali pale pale walipokuwa wakisimama wale wengine, na kutokea pale nyuso zilionekana nyingi kuliko alivyodhani. Hakuna aliyekuwa na uso mbaya. Walikuwa wamechoka tu, kila mmoja akishukuru kwamba leo si yeye. Aliogopa, jamani. Sentensi ile ilikuwa fupi, na nyuma ya sentensi ile kulikuwa na plasta.

"Mimi," alisema.

"Sauti," alisema nesi.

"Mimi nilimvalisha mwanangu viatu. Kila usiku."

Nesi aliinua kichwa. "Mama."

"Nilimvalisha, na mguu umerudi. Viatu walivyonipa vilikuwa vinatazama nje. Tukaona vimepinda, mume wangu huyo hapo akavinyoosha. Sisi hatukujua. Mimi ndiye niliyewaambia na nyie mje awanyooshee, nikaona nawasaidia. Mkaja. Nisameheni. Vyenu navyo vimenyooka, na sidhani kama vinatakiwa kunyooka."

Zamu ya mabenchi kujibu ilifika, na hakuna aliyejibu. Yule mtoto ndani ya mlango aliendelea kulia.

"Kwa hiyo umeharibu kifaa," alisema nesi. Alinyoosha kidole kwenye tangazo. "Kwa hiyo umevunja kifaa cha serikali, na cha wenzako pia. Toka hapo uende ofisini ukajieleze. Leo mtoto hafungwi."

"Nitakwenda, sista," alisema Mama Bosi, na hakusogea.

Mama mwenye miwani alikuwa ameinama. Alivuta chuma chake kutoka kwenye begi, akakiweka mapajani. Viatu vilikuwa vinatazama mbele, sambamba, kazi safi. Alimgeuza mwanawe begani, akaushika mguu wake, akausukuma nje kwa dole gumba, akauachia. Miwani ilibaki inautazama mguu ule.

"Sista," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi vyangu navyo vimenyooka. Vinatakiwa vitazame wapi?"

"Kila mmoja aangalie vya kwake," alisema nesi.

"Ndiyo naviangalia. Wapi?"

"Vyangu kimoja kinatazama nje, kingine ndani," alisema mama mwingine kutoka nyuma. "Kililegea chenyewe, nikakaza kilipoishia."

"Mimi niliambiwa kulia kushoto ni sawa tu, ilmradi avae."

"Nani kakwambia?"

"Dirishani."

Vyuma vikaanza kuinuliwa. Vya vichanga vilikuja na vichanga vyenyewe, miguu juu. Yule binti wa asubuhi aliinua vya mwanawe kwa wasiwasi, kama mtu anayeonyesha fedha mbele za watu. Nesi akasogea, akachukua cha mama mwenye miwani kwa mkono mmoja, akamwomba binti amvue mwanawe chake, akakishika kwa mkono mwingine. Akavitazama. Akavigeuza juu chini. Kwa miaka yake yote pale alishika miguu. Viatu vilitoka stoo vikapita dirishani vikaenda majumbani, na havikupita mikononi mwake. Alijaribu kusogeza kiatu kimoja nje kwa kidole, kikagoma, akajaribu tena, na shingo yake ikaanza kupata jasho. Hata Mama Bosi, kwa hasira zote alizokuwa nazo, alimwonea huruma.

"Fundi wa plasta akitoka atatuambia," alisema nesi.

"Huwa hatoki," alisema mtu.

Hilo lilikuwa kweli. Nesi aliuangalia mlango, akayaangalia mabenchi. Kisha akamgeukia yule mwanamume wa pekee chumbani, aliyesimama ukutani na viatu visivyofanana miguuni, mtoto begani. Alisogea karibu naye kabisa, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Fundi," aliuliza, "wewe ulivikuta vinatazama wapi?"

"Nje," alisema fundi. "Cha kushoto zaidi. Sikumbuki kiasi gani, sista. Nisikudanganye."

Pale nyuma kabisa alikaa bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

"Tumesikia," alisema bibi.

Hakuna aliyecheka. Mlango wa ndani ukafunguka kwa kimo cha kichwa. "Mwingine!" Nesi akafungua mdomo aseme kitu, macho yakienda kwenye lile tangazo na kurudi. Mama Bosi hakumngoja. Alikuwa amesimama, na aliyesimama ndiye anayeingia wa kwanza. Alimchukua Bosi begani kwa baba yake, akakibana chuma kwapani, na kabla mlango haujafungwa akaweka mguu wake pale katikati.